Baada ya jeraha dogo la ubongo: kizunguzungu, shingo na homoni zilizopungua

Naandika kwa ajili ya mtu aliyegonga kichwa, akapigwa picha ikatoka safi, akaambiwa aende nyumbani akapumzike, na sasa miezi inapita bado hajawa yule wa zamani. Huenda watu wameshaanza kumwona mlalamishi. Huenda na yeye mwenyewe ameanza kujitilia shaka. Nilipita huko, na kilichonitoa si dawa moja ya ajabu. Ni kwamba malalamiko yaliyokuwa yamefungwa kwenye furushi moja yalifunguliwa, kila moja likapewa jina lake: hili la sikio, hili la shingo, hili la macho. Na mengine, yaliyokuwa yametawanyika kwa madaktari tofauti, hatimaye mtu mmoja akayasoma pamoja.

Kabla sijaendelea, nisimtishe mtu bure. Wengi wanaopata jeraha dogo la ubongo hupona ndani ya wiki chache bila matibabu makubwa. Haya yangu ni ya wale wachache wanaobaki.

Ajali yenyewe haina hadithi ndefu. Gari letu lilikuwa limesimama kwenye foleni, likagongwa kwa nyuma. Mkanda ulinizuia kifua, kichwa kikaenda mbele na kurudi kwa kasi, kisha nikajigonga juu ya sikio la kulia kwenye kioo cha mlango. Haikutoka damu hata tone. Kuna kipande cha muda ambacho mpaka leo sinacho: nakumbuka taa nyekundu za gari la mbele, halafu nakumbuka nimeketi pembeni ya barabara, mtu ananiuliza jina langu, na kwa sauti yake nikajua si mara ya kwanza kuniuliza.

Hospitalini walinipima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, ambacho alama zake za juu kabisa ni 15, nikapata zote. Picha ya CT haikuonyesha damu wala ufa. Kwa vigezo vyao, jeraha huhesabiwa dogo ikiwa alama za fahamu ni 13 hadi 15, kuzimia hakukuzidi dakika 30, na kupotewa na kumbukumbu hakukuzidi saa 24. Nikapewa karatasi ya dalili za hatari: kutapika tena na tena, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi mzito usioamshika, degedege, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, kuongea ovyo. Karatasi hiyo ni muhimu, na aliye na mgonjwa nyumbani aisome kuliko hata mgonjwa mwenyewe. Lakini ni karatasi ya siku za mwanzo. Ya mwezi wa tatu hakuna anayekupa.

Dada yangu alikuja kuniuguza. Kwa mapenzi yake alifunga mapazia, akachukua simu, akawakataza watoto kupiga kelele. Nikalala gizani wiki baada ya wiki. Siku mbili za kwanza zilinifaa sana. Zilizofuata zilinimaliza: usingizi ukavurugika, miguu ikalegea, moyo ukawa unakwenda mbio nikisimama tu. Ushauri wa sasa ni tofauti. Wataalamu wa majeraha ya kichwa michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 wanapendekeza mapumziko ya saa 24 hadi 48, na hata hayo si ya kulala tu kitandani. Baada ya hapo mtu aanze kutembea taratibu, aongeze kidogo kidogo, na dalili zikizidi apunguze mwendo. Ningekuwa na mgonjwa wa aina hii leo, siku ya tatu ningemtoa nje anyooshe miguu, avae miwani ya jua akitaka.

Kizunguzungu ndicho kilichopata jibu haraka kuliko vyote, na bado kinanipa hasira kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa la dakika chache. Kila nilipogeukia upande wa kulia kitandani, chumba kizima kilizunguka, kisha kikatulia chenyewe kabla dakika haijaisha. Nilipewa vidonge vya kichefuchefu, havikusaidia. Ndipo mtaalamu wa fiziotherapia akaniketisha kitandani, akanigeuza kichwa nusu kulia, akanilaza chali kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo, huku uso wake uko karibu kabisa na wangu.

"Usifumbe macho, mama. Hata ukiogopa, usifumbe. Nataka kuyaona."

Nilimshika mkono kwa nguvu kiasi kwamba kucha zangu ziliacha alama. Macho yangu, aliniambia baadaye, yalikuwa yanarukaruka kwa kuzunguka. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo za kalsiamu zenye mahali pake maalumu. Pigo la kichwa linaweza kuzibandua zikaangukia kwenye mifereji inayotunza usawa wa mwili. Ukigeuka, zinasukuma maji yaliyomo, na ubongo unapokea habari kwamba unazunguka wakati umelala. Tiba yake ni kukigeuza kichwa kwa mpangilio maalumu mpaka chembe zitoke kwenye mfereji, njia inayoitwa ya Epley. Ilibidi turudie, lakini kizunguzungu cha kitandani kiliisha. Ukigonga kichwa na ukawa na kizunguzungu kinachokuja kwa kugeuka, kikadumu kwa muda mfupi kisha kikaondoka, omba upimwe hivyo kabla ya kumeza chochote.

Shingo ilichukua muda zaidi. Maumivu ya kichwa yalianzia chini ya kisogo, yakapanda, yakaja kutulia nyuma ya jicho la kulia. Kila mtu, nami nikiwemo, aliyahesabu kuwa maumivu ya ubongo. Kumbe nguvu inayotikisa ubongo kwa namna ile imekwisha kuipita shingo kwanza, na viungo vya juu vya shingo vinaweza kutuma maumivu hadi kwenye paji la uso. Mazoezi ya misuli ya ndani ya shingo, madogo kiasi cha kuchekesha, yalifanya kazi ambayo vidonge havikuifanya. Na kuhusu vidonge: dawa za kawaida za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa, zile za mchanganyiko na zenye kodeini hufanya hivyo hata kwa siku 10. Sehemu ya maumivu yangu ilitoka humo. Kuziacha ni wiki za mateso, na ni vizuri daktari ajue unaziacha.

Macho nitayapita haraka. Mistari ya kitabu ilikuwa inaruka. Mtaalamu wa macho alinisogezea ncha ya kalamu polepole kuelekea puani, na ikiwa bado mbali nikaanza kuona kalamu mbili. Uwezo wa macho mawili kukutana karibu ulikuwa umelegea, jambo la kawaida baada ya mtikisiko wa ubongo. Uoni wenyewe ulikuwa mzuri kabisa, ndiyo maana vipimo vya kusoma herufi ukutani havikuonyesha kitu.

Hayo yote yalipopata nafuu nilitarajia kurudi kazini nikiwa mzima. Haikuwa hivyo.

Uchovu uliobaki ulikuwa wa namna nyingine. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kuna siku nilipanda ngazi na kapu la nguo zilizokauka, nikafika katikati nikaketi, si kwa kuhema, bali mwili ulikuwa umekataa tu. Nikaanza kukunja soksi pale pale kwenye ngazi ili watoto wakipita wadhani nimekaa makusudi. Nilihisi baridi wakati wenzangu wanajipepea. Nikisimama ghafla, macho yalitanda giza. Uzito uliongezeka huku nakula kidogo. Ngozi ikakauka, choo kikawa kigumu, nywele za kwapani zikawa haba. Hamu ya tendo la ndoa ilikufa kabisa. Mume wangu hakulalamika, lakini ukimya wake nao ulikuwa mzito, na tulikaa muda mrefu kila mmoja akidhani mwenzake amemchoka. Na hedhi zilikatika.

Ona sasa jinsi nilivyokuwa naenda. Kichwa nilikipeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Hedhi niliipeleka kwa daktari wa wanawake. Kipimo cha kwanza kilikuwa cha mimba, na ni sawa, ndiko kunakoanziwa, lakini hakuniuliza kama niliwahi kuumia kichwa, nami sikuona hayo yanahusiana nini na tumbo la uzazi. Uchovu ulikwenda kwa daktari wa kawaida, akapima damu: wingi wa damu sawa, sukari sawa, tezi ya thairoidi shingoni sawa.

"Dada, vipimo vyako vyote ni vizuri. Umepata mshtuko mkubwa. Jipe muda."

Nikaandikiwa dawa ya sonona. Sitaki kuidharau dawa hiyo wala ugonjwa huo. Sonona baada ya jeraha la kichwa ipo, na inatibika. Lakini sonona haielezi kirahisi kwa nini mtu anahisi baridi, anaona giza akisimama, hapati hedhi na nywele za mwili zinapungua, yote kwa wakati mmoja. Maumivu ya kuambiwa "jipe muda" ni kwamba unajipa kweli. Nilijipa. Kazini wakanipunguzia majukumu, kisha mshahara ukafuata, na bima ilianza kuhoji kwa nini mtu mwenye picha safi bado anahitaji vipimo.

Aliyeyaunganisha ni daktari kijana aliyekuwa ameshika zamu ya mwenzake. Alilisoma faili lote, jambo ambalo si la kawaida. Akauliza hedhi ilikatika lini. Akauliza ajali ilikuwa lini. Akaandika tarehe hizo mbili pembeni mwa karatasi, moja juu ya nyingine, akanyamaza. Kisha akaonyesha kwa kalamu kile kipimo cha tezi kilichoitwa kizuri. "Hapa walipima TSH peke yake," akasema. "Kwa mtu mwingine ingetosha."

Nimelifahamu jambo hili hivi. Chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, kuna tezi ya pituitari. Ina uzito wa takriban nusu gramu, imekaa ndani ya kishimo cha mfupa, na inaning'inia kwenye ubongo kwa kikonyo chembamba. Kutoka hapo zinatolewa amri kwa tezi ya thairoidi shingoni, kwa tezi za adrenali juu ya figo, kwa ovari au korodani. Inatoa pia homoni ya ukuaji, ambayo hata mtu mzima anaihitaji kwa misuli, mifupa na nguvu. Sehemu ya mbele ya tezi hupata damu yake nyingi kupitia mishipa membamba inayoshuka kwenye kikonyo hicho. Kichwa kikirushwa na kusimamishwa ghafla, ubongo husogea wakati tezi imebanwa kwenye mfupa, na kikonyo ndicho kinachovutwa. Seli za homoni ya ukuaji na sehemu ya zile za uzazi ziko pembeni mwa tezi, zinategemea mishipa hiyo, na ndiyo maana mara nyingi zinaumia kabla ya nyingine.

TSH ni amri inayotoka pituitari kwenda thairoidi. Thairoidi yenyewe ikiwa mbovu, TSH hupanda, na hivyo ndivyo maabara nyingi zinavyougundua ugonjwa. Lakini aliyedhoofika akiwa ni mtoa amri, TSH inaweza kusomeka ya kawaida kabisa huku homoni ya thairoidi yenyewe, T4 huru, iko chini. Kwa aliyegonga kichwa, kipimo cha TSH peke yake hakikumalizi maswali. Lazima T4 huru ipimwe pamoja nayo.

Jambo lenyewe si geni. Mgonjwa aliyeharibikiwa na pituitari baada ya kuumia kichwa aliandikwa kwenye majarida ya tiba mwaka 1918. Kwa miongo mingi lilichukuliwa kuwa ajabu inayotokea kwa nadra. Mwaka 2007 jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti kadhaa, ukakuta upungufu wa homoni za pituitari kwa takriban asilimia 27 ya waliochunguzwa muda mrefu baada ya jeraha la ubongo. Kwa wenye majeraha madogo ilikuwa karibu asilimia 17. Namba hizo zisimezwe nzima. Tafiti zilizotumia vipimo vikali zaidi zimepata kiwango cha chini, na wengi wanaogonga kichwa kidogo hawafiki hata hospitali kuhesabiwa. Ninachochukua kutoka humo ni hiki tu: haitokei kwa wengi, lakini inatokea vya kutosha kiasi kwamba mtu mwenye dalili zinazoendelea asikataliwe kupimwa.

Kupimwa nako kuna mambo yake, na humo ndimo mtu anaweza kutupa fedha.

Kotisoli, homoni ya tezi za adrenali inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa, hupimwa asubuhi, karibu saa mbili hadi saa tatu, kwa sababu hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Kipimo cha mchana hakisemi kitu. Mara yangu ya kwanza foleni ya maabara ilinifikisha karibu na adhuhuri, ikasomeka ya chini, ikabidi kurudia. Sema dawa zote unazotumia, hata zile usizozihesabu kuwa dawa: sindano za steroidi za goti au mgongo, pampu ya pumu, krimu kali za ngozi, zote zinaweza kuishusha kotisoli yako mwenyewe. Dawa za maumivu za jamii ya kasumba zinashusha kotisoli na homoni za uzazi pia. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hufanya kinyume: kotisoli inasomeka juu kuliko ilivyo. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini huvuruga mashine za maabara. Hilo la mwisho nililijua kwa bahati tu, baada ya muuguzi kuona chupa kwenye mkoba wangu.

Kotisoli ya asubuhi ikiwa chini ya maikrogramu 3 kwa desilita, upungufu unaelekea kuwa wa hakika; ikiwa juu ya 15, unaelekea kutokuwepo. Yangu ilikuwa katikati, na hapo ndipo kipimo cha kuchokoza kinapohitajika. Upo ule wa sindano inayoziamrisha adrenali moja kwa moja, lakini ukifanywa mapema mno baada ya jeraha, unaweza kudanganya: adrenali zilizokosa amri kwa wiki chache bado zina nguvu za kujibu. Mimi nilifanyiwa wa insulini. Unachomwa insulini kwa makusudi ili sukari ishuke chini ya milimoli 2.2 kwa lita, kwa sababu mwili wenye afya ukiona hatari hiyo hurusha kotisoli na homoni ya ukuaji kwa wingi. Hautakiwi kufanywa kwa mwenye kifafa au ugonjwa wa moyo, na baada ya jeraha la kichwa swali la degedege liulizwe vizuri. Kwa hao upo mbadala wa glukagoni.

Sitausahau. Muuguzi hakuondoka kitandani hata kidogo. Kwanza midomo ilikufa ganzi, kisha jasho likatoka kama nimemwagiwa maji, shuka likashikana na mgongo. Mikono ilitetemeka, na nikaanza kulia bila huzuni yoyote. Muuguzi alikuwa ameshika bomba la glukosi mkononi muda wote, akinisemesha: "Upo na mimi? Niambie majina ya watoto wako." Nilimwambia, nikakosea mpangilio wao. Damu ilichotwa tena na tena kupitia bomba moja mkononi. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, na usipange lolote siku hiyo.

Majibu: kotisoli haikupanda inavyotakiwa, T4 huru ilikuwa chini, homoni zinazoamrisha ovari zilikuwa chini, homoni ya ukuaji ilijibu kwa kusuasua. Prolaktini, homoni ya maziwa, ilikuwa ya kawaida. Picha ya MRI ya pituitari nayo ilikuwa ya kawaida. Nilipoiona hiyo niliogopa kwamba nitaambiwa tena sina kitu, lakini daktari bingwa wa homoni alisema picha inaonyesha umbo, haionyeshi kazi, akaendelea kuandika.

Kabla yake, daktari mwingine alikuwa amenitazama viganja na fizi akasema haiwezi kuwa kotisoli kwa sababu ngozi haijawa nyeusi zaidi. Ngozi hubadilika rangi pale adrenali zenyewe zinapoharibika na pituitari inapozipigia kelele. Tatizo likiwa pituitari, hakuna kelele na ngozi haibadiliki. Akikuambia hivyo mtu, muulize kwa upole kuhusu hilo.

Matibabu yana mpangilio, na mpangilio huu hauchezewi: haidrokotisoni, dawa inayofidia kotisoli, kwanza; thairoksini, inayofidia homoni ya thairoidi, baadaye. Thairoksini huharakisha jinsi mwili unavyoitumia kotisoli, na ukimpa mtu ambaye kotisoli yake ni pungufu na haijafidiwa, anaweza kuangushwa na dharura ya adrenali. Kwa hiyo mtu anayekutwa na T4 ya chini baada ya jeraha la kichwa aulize kwanza kama kotisoli imepimwa, kabla hajafungua pakiti.

Haidrokotisoni niliisikia ndani ya siku chache. Giza la kusimama likaondoka. Nilipika, nikaosha vyombo, na ndipo nikagundua sijaketi. Thairoksini ilikuwa ya polepole. Baridi na choo kigumu vilitoweka bila kuaga, sikumbuki hata lini.

Pamoja na vidonge unakabidhiwa kazi mpya ya kujilinda. Mwili wa kawaida ukiugua huongeza kotisoli wenyewe. Wangu hauwezi, kwa hiyo nikipata homa naongeza dozi kwa maelekezo niliyoandikiwa, na nikitapika nisiweze kubaki na kidonge tumboni, ni sindano ya miligramu 100 ya haidrokotisoni na hospitali mara moja. Mume wangu alifundishwa kuichoma kwenye paja. Alifanya mazoezi akiwa ametoa macho kama yeye ndiye anayechomwa. Siku ilipohitajika kweli, usiku wa kuharisha na kutapika, mikono yake haikutetemeka. Tatizo likawa mapokezi ya hospitali, ambako tuliambiwa tusubiri zamu kwa sababu nilikuwa natembea. Aliitoa kadi yangu ya steroidi, inayosema naishi kwa haidrokotisoni, akaiweka mezani, akasema, "Ndugu yangu, naomba umwite daktari aisome hii sasa hivi." Ilisomwa. Kadi hiyo, au bangili yenye maandishi hayo, isiachwe nyumbani. Na dozi isikatwe ghafla kwa sababu yoyote, hata mtu akikuambia kwamba steroidi ni mbaya.

Usumbufu mwingine ni mdogo lakini haukomi. Ukiwa na upungufu unaotoka pituitari, dozi ya thairoksini hufuatwa kwa T4 huru, si kwa TSH, maana TSH hiyo haiaminiki tena. Kila kituo kipya kinapima TSH, kinaikuta chini, kinaniambia nipunguze dozi. Nilipunguza mara moja nikarudi kitandani. Sasa natembea na barua ya daktari wa homoni yenye sentensi hiyo imepigiwa mstari.

Mwaka ulipopita tangu ajali tulipima upya. Hili nalisisitiza, kwa sababu baadhi ya homoni hurudi zenyewe katika mwaka wa kwanza, na nyingine huonekana kupungua baadaye. Zangu za uzazi zilikuwa zimerudi. Hedhi ilianza tena, ya ovyo mwanzoni, kisha ikapata mpangilio. Kotisoli na thairoidi hazikurudi. Homoni ya ukuaji ilibaki chini. Hiyo ni sindano ya kila siku au ya kila wiki, ni ghali, bima ilikataa, na si ya dharura kama kotisoli. Nimeamua kuiacha kwa sasa. Wapo walioitumia wakasema imewarudishia maisha, wapo walioona tofauti ndogo. Madaktari wengi huijaribu kwa miezi kadhaa kisha hupima kama inafaa kuendelea, na mtu asione haya kuuliza ni nini hasa kitakachopimwa mwishoni mwa jaribio hilo.

Kilichobaki kwangu ni kelele. Ukumbi wenye watu wengi wanaoongea kwa pamoja unanichosha mpaka kesho yake. Mazoezi nayo nayafanya kwa kikomo: natembea haraka mpaka kabla tu ya kiwango cha mapigo ya moyo kinacholeta dalili, naishia hapo, na kiwango hicho kimekuwa kikipanda. Mtaalamu alinipimia kwenye mashine ya kutembea. Kabla ya hapo nilikuwa najikaza kisabuni siku nikijisikia vizuri, kisha nalala mbili.

Ukienda kwa daktari, nenda na karatasi moja, si hadithi. Tarehe ya kugonga kichwa juu kabisa, hata kama ni ya zamani, hata kama hukuzimia. Chini yake, kilichobadilika na lini: hedhi, uzito, nywele za mwili, baridi, giza la kusimama, nguvu za ndoa. Andika pia unakunywa maji kiasi gani na unaamka usiku mara ngapi kukojoa, kwa sababu sehemu ya nyuma ya pituitari ikiumia, figo hushindwa kuzuia maji, na hilo linataka kushughulikiwa haraka. Mwanaume apimwe testosteroni asubuhi akiwa hajala, na ikiwa chini irudiwe siku nyingine kabla ya kuanzishiwa chochote. Wengi wao hawalitaji jambo hili kwa aibu, na madaktari nao hawaulizi.

Mtoto hatasema ana uchovu wa homoni. Atakachoonyesha ni kutokua kwa kasi aliyokuwa nayo, au balehe inayochelewa, au inayokuja mapema mno. Kama aliwahi kuanguka akagonga kichwa, mpeleke na rekodi zake za urefu za kabla na baada ya kuanguka, uombe zichorwe kwenye chati.